Umtali na Watoto Wake wa Kizungu

Mji wa Umtali, mashariki mwa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambao tangu 1982 unaitwa Mutare, ulihama mara mbili kabla ya kutulia. Ngome ya kwanza iliwekwa 1890, mwaka ambao msafara wa Cecil Rhodes uliingia Mashonaland; mwaka uliofuata ikasogezwa. Kisha ilipobainika kuwa reli kutoka Beira isingeweza kuukwea mlima, mji wenyewe ukaifuata reli, na kampuni ya Rhodes ikawalipa wakazi wake fidia. Huo ndio wakati Wandebele na Washona walipokuwa wakipigana nayo vita vya 1896 na 1897, viitwavyo Chimurenga ya kwanza, wakashindwa. Mji na vita, basi, ni marika. Nalisema hili mapema kwa sababu masimulizi ya Wazungu waliokulia huko miaka ya 1960 na 1970 aghalabu huanzia kwingine: utoto mtulivu wa milimani, halafu vita vya ukombozi vikaja kuuvuruga. Tarehe ya mji inaupindua mpangilio huo. Utulivu ule ulizaliwa na vita vya kwanza, na haukuweza kudumu bila vya pili.

Kilichoulinda katikati ya vita hivyo viwili ni sheria. Mwaka 1930 Sheria ya Ugawaji Ardhi iliwatengea Wazungu karibu nusu ya nchi, watu ambao hata walipokuwa wengi kabisa hawakufika asilimia 10 ya wakazi. Mwaka huohuo elimu ikawa ya lazima kwa watoto wao, si kwa wengine. Waafrika waliofanya kazi Umtali waliwekwa Sakubva, mtaa wao wa peke yao, na serikali ilitumia kwa mwanafunzi mmoja wa Kizungu zaidi ya mara kumi ya ilichotumia kwa mwanafunzi Mwafrika. Wala si kweli kwamba hili lilikuwa jambo la ukoo wa kale ulioota mizizi: sensa ya 1969 ilionyesha kuwa Wazungu waliozaliwa nchini humo hawakufika nusu ya Wazungu wote. Waziri Mkuu Ian Smith alipoitangazia nchi uhuru tarehe 11 Novemba 1965, alikuwa akiulinda mpango ambao wazazi wengi waliukuta tayari walipohamia, wakaufanya urithi wa watoto wao.

Milima hiyohiyo ililea watoto wengine pia. Herbert Chitepo alisoma katika misheni za Bonda na Penhalonga, kaskazini mwa Umtali, akawa wakili wa kwanza Mwafrika nchini mwake, na mwaka 1962 akaja Dar es Salaam kuwa Mkurugenzi wa Mashtaka wa Tanganyika. Kutoka hapo aliingia katika uongozi wa ZANU, chama cha ukombozi ambacho wapiganaji wake walifunzwa katika kambi kama Mgagao, Iringa. Msumbiji ilipopata uhuru 1975, vijana wengi wa Manicaland, mkoa wa Umtali, waliacha madawati wakavuka mpaka kwenda kujiunga nao. Wenzao wa Kizungu walikuwa bwenini. Waliokaa mashambani, Vumba na Burma Valley, walizoea nyumba zilizozungushiwa seng'enge, redio za kuitia msaada, misafara ya magari yenye ulinzi wa silaha na hofu ya mabomu yaliyotegwa barabarani. Wapo waliofundishwa kushika bunduki wakiwa wadogo, na mvulana akitimiza miaka 18 jeshi lilimsubiri. Mtoto Mwafrika wa vijijini katika maeneo mengi ya vita naye aliishi ndani ya seng'enge, lakini ile ya vijiji vya ulinzi, ambamo serikali iliwahamishia wazazi wake kwa nguvu kuanzia 1973.

Agosti 1976 inaonyesha jinsi tarehe ya kuanzia inavyoamua hadithi. Tarehe 11 makombora yaliangukia Umtali kutoka upande wa Msumbiji. Aliyekuwa mtoto mjini humo ana haki ya kukumbuka usiku huo. Lakini tarehe 9 kikosi cha Selous Scouts cha jeshi la Rhodesia kilikuwa kimevamia kambi ya ZANU ya Nyadzonya, ng'ambo ya mpaka, na kuua mamia ya watu, wakiwemo wakimbizi wengi. Mtetezi wa Rhodesia atasema kwamba hata uvamizi huo ulikuwa jibu kwa mashambulizi ya waasi. Sawa, turudi nyuma naye: kutoka mashambulizi hayo hadi shambulio la waasi kwenye shamba la Wazungu la Altena, Desemba 1972; kutoka Altena hadi 1965, hadi 1930, hadi 1897. Kila hatua inamshusha kwenye ardhi ile ile, na hawezi kusimama katikati ya njia kwa sababu tu hapo pamemfaa.

Wapo wasemao kuwa havikuwa vita vya rangi, kwa kuwa askari na polisi wengi wa serikali walikuwa Waafrika. Idadi ni ya kweli, na ndiyo inayovipa sura ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ila kuishikia serikali bunduki hakukumpa askari huyo shamba katika eneo la Wazungu wala dawati katika shule yao. Hoja nzito zaidi ni ya watoto wenyewe, kwamba wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Juni 1978, katika misheni ya Elim huko Vumba, wamisionari Waingereza waliuawa pamoja na watoto wao, na hakuna sheria ya ardhi inayohalalisha mauaji hayo. Mtoto hahukumiwi kwa mahali alipozaliwa. Anayepimwa ni mtu mzima anayesimulia. Waandishi Peter Godwin katika *Mukiwa*, 1996, na Alexandra Fuller katika kitabu chake cha 2001 walionyesha kwamba inawezekana kuupenda utoto huo bila kuficha ubaguzi uliouzunguka. Baada ya uhuru wa tarehe 18 Aprili 1980 Wazungu wengi walihama, wakabeba kumbukumbu bila mji. Kumbukumbu hizo ni ushahidi halali wa vita, mradi msimulizi aseme pia nani alilipia utulivu uliovitangulia.