Tundu la Ubavuni

Siwa mbili za Makumbusho ya Lamu, yaani pembe kubwa za kupulizwa, ya Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu na ya Lamu iliyosubiwa kwa shaba, zina simulizi moja isiyochoka: kwamba zilikuja na Washirazi. Wanaoishika hudai zaidi ya hapo. Kwao, siwa ni shahidi kwamba ustaarabu wa visiwa hivi ulishuka jahazini ukiwa umeshakamilika. Nadhani dai hilo limedumu kwa sababu macho huganda kwenye nakshi, na tundu la kupulizia likaachwa.

Tundu hilo haliko kwenye ncha, liko ubavuni. Nafiri ya Waarabu na Waajemi hupulizwa nchani, na zumari vilevile. Pembe za kupulizwa ubavuni ni za bara letu: Wamangbetu wa Kongo walizichonga kwa meno ya tembo, na makondere ya wafalme wa Bunyoro, ya vibuyu, hupulizwa vivyo hivyo. Tofauti hii aliiona hata mgeni. Msafara wa Vasco da Gama ulipotia nanga Malindi, Aprili 1498, mmoja wa mabaharia wake aliandika shajara inayonukuliwa kila mara kwa habari ya rubani wa kwenda Bara Hindi. Habari ya wapiga ala wa mfalme husomwa mbiombio. Anataja kwanza nafiri nyingi, kwa neno anafil ambalo Wareno walilipata kwa Waarabu. Kisha, mbali nazo, anataja pembe mbili za ndovu, zimechongwa kwa ufundi, urefu wake kimo cha mtu, zikipulizwa kwa tundu la ubavuni. Angeziona za jinsi moja, angeziita kwa jina moja.

Ni kweli, Malindi si Pate, na siwa ya Pate, yenye urefu wa zaidi ya mita 2, huhesabiwa kuwa ya karne ya 17. Shajara haithibitishi ilichongwa na nani. Inachothibitisha ni kwamba umbo lake lilikuwa limekwishakuwa la kifalme pwani hii kabla Mreno hajatawala na kabla ya Omani. Pingamizi la maandishi ya Kiarabu juu ya siwa ya shaba ni zito zaidi, na linastahili jibu. Lakini hati ile inatueleza fundi na walioiagiza walikuwa watu wa dini gani na elimu gani. Haituelezi babu zao walitoka wapi. Ama hoja ya mji uliokuja tayari, ambayo mwanaakiolojia Neville Chittick aliitetea kwa magofu ya Manda, ilikosa pa kusimama miaka ya 1980, mwanaakiolojia mwingine, Mark Horton, alipofukua Shanga, kisiwani Pate, msikiti mdogo wa miti wa karne ya 8 chini ya misikiti ya mawe.

Swali lililosalia ni nani alinufaika na simulizi ya Washirazi. Siwa haikulia kwa kila mtu. Ililia mfalme akitawazwa, na kwenye harusi na tohara za waungwana. Nasaba za ng'ambo nazo zilisimuliwa na nyumba hizohizo zilizokuwa na haki ya kupulizwa siwa.