Kutafuta Mume Mwenye Mali: Hadithi Moja, Filamu Tatu

Mwaka 1941 studio ya 20th Century-Fox ilitoa filamu ya muziki na mapenzi iitwayo Moon Over Miami. Kay na Barbara Latimer, ndugu wawili, wanahudumu katika mgahawa wa barabarani huko Texas, ule ambao mteja huletewa chakula garini. Siku moja wanaletewa habari ya urithi wa dola 55,000. Kodi na gharama zikishakatwa, zinabaki dola elfu nne na kidogo. Wenye tahadhari wangeziweka benki. Hawa wanazitia zote katika mradi mmoja, kumpata milionea wa kuolewa naye, na safari ya Miami inaanza: Kay akijifanya binti wa kitajiri, Barbara katibu wake, na shangazi yao Susan mtumishi wao.

Hadithi hiyo Fox ilikwisha kuitoa. Miaka mitatu nyuma, mwaka 1938, ilikuwa imeiita Three Blind Mice, haina nyimbo, naye Loretta Young akiongoza kundi la ndugu watatu waliotoka Kansas kwenda kuwinda matajiri California. Chanzo cha zote mbili kilikuwa tamthilia ya mwandishi aliyetumia jina la kalamu la Stephen Powys. Mwaka 1946 ikarudi tena kwa jina la Three Little Girls in Blue, safari hii mambo yakitokea Atlantic City mwaka 1902. Studio iliyokwisha kununua haki za hadithi haikuwa na sababu ya kuiacha ilale kabatini. Ilibadilisha mji, mavazi na nyimbo, ikaingiza waigizaji wapya, na watazamaji wakalipa tena.

Lakini uchumi wa studio peke yake hauelezi kwa nini watazamaji walikubali. Mwanamke anayesaka mume mwenye mali alikuwa ameshakuwa mhusika maarufu Marekani tangu tamthilia ya Avery Hopwood, The Gold Diggers, ya mwaka 1919, na riwaya ya Anita Loos, Gentlemen Prefer Blondes, ya mwaka 1925. Mdororo mkuu wa uchumi ulipoingia, mhusika huyo akapata uzito mpya. Katika filamu ya Gold Diggers of 1933 wasichana wa jukwaani hawana kazi wala kodi ya nyumba, na fedha inasemwa waziwazi, bila haya. Kuanzia mwaka 1934 kanuni za maadili za Hollywood zilianza kutekelezwa kwa ukali. Wasichana wakaendelea kutafuta fedha, ila kwa njia ya ndoa tu, tena ikibidi wakiwa na shangazi pembeni.

Tena hofu ya ufukara iliyowasukuma wasichana hao haikuwa ya kubuni. Sheria ya mwaka 1932 iliagiza kwamba serikali kuu inapopunguza wafanyakazi, ianze na wale ambao wenzi wao nao wameajiriwa na serikali hiyohiyo. Waliotolewa kazini wengi wao walikuwa wake. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1937, lakini shule nyingi ziliendelea kuwakataa walimu walioolewa. Hadi mwaka 1974, ilipopitishwa sheria ya usawa katika mikopo, benki iliweza kumnyima mwanamke mkopo mpaka mumewe atie sahihi. Ukiyajua hayo, hesabu za akina Latimer hazionekani tena kuwa tamaa tupu. Katika nchi iliyowafungia wanawake milango mingi hivyo, ndoa ilikuwa mojawapo ya njia chache za kufikia mali.

Uzuri wa filamu ya 1941 ni kwamba mtego wao unamnasa wasiyemtega. Kay, aliyechezwa na Betty Grable, anampenda Phil, naye Phil, aliyechezwa na Don Ameche, amefilisika na alikuwa akitumaini kwamba Kay ndiye mwenye mali. Wote wawili ni wawindaji. Tajiri wa kweli, aliyechezwa na Robert Cummings, anaishia kwa Barbara, aliyekuja kama katibu. Mwongozaji Walter Lang anaiendesha kwa kasi, Hermes Pan akipanga ngoma na kucheza moja na Grable mwenyewe. Hata hivyo anayestahili sifa kubwa kuliko zote ni Charlotte Greenwood, shangazi Susan, mwenye miguu mirefu na vichekesho visivyotafutwa. Kila anapoingia, nyota wakubwa wanalazimika kumpisha.

Miami ya filamu ina bahari, hoteli na rangi za Technicolor zinazong'aa. Isichoonyesha ni ubaguzi. Florida ya wakati huo ilimruhusu Mmarekani mweusi kufagia hoteli za ufukweni na kubeba mizigo ya wageni, lakini chumba asipewe. Na mwaka 1942, vita vikiwa vimeshaifikia Marekani, jeshi lilichukua mamia ya hoteli za Miami Beach kuwafundishia askari wake wa anga.

Grable alipanda haraka. Kuanzia 1942 hadi 1951 hakukosekana katika orodha ya nyota kumi wanaovuta watazamaji wengi zaidi, na picha yake ya mwaka 1943 akiwa katika vazi la kuogelea ilisambaa katika kambi za askari. Mwaka 1953 alirudia uwindaji huohuo katika How to Marry a Millionaire, mojawapo ya filamu za kwanza kupigwa kwa CinemaScope, mfumo wa skrini pana, akiwa na Lauren Bacall na Marilyn Monroe. Wengi huidhani ni toleo jingine la tamthilia ya Powys, kumbe ilitokana na tamthilia nyingine. Mwaka huohuo Monroe na Jane Russell walitoka katika Gentlemen Prefer Blondes, ambamo baadhi ya nyimbo zina maneno ya Leo Robin, yuleyule aliyeandika ya Moon Over Miami.

Za 1953 zimepewa sifa nyingi kuliko ndugu yao mkubwa. Si haki. Anayetaka kuujua mkondo huu aanze na ya 1941, amtazame Greenwood kwa makini, ndipo amfikie Monroe.