Shokabzoba kuukuu huponza pikapu katika milima ya chai

KATIKA kaunti za Kericho na Bomet, pikapu ni chombo cha kila kazi. Alfajiri hubeba mitungi ya maziwa, adhuhuri mifuko ya mbolea ya majani chai, na jioni viazi na kabeji za sokoni. Mifuko 20 ya mbolea ya kilo 50 ni tani moja kamili, uzito unaokaribia kikomo cha pikapu nyingi. Mzigo huo hupitishwa katika barabara za changarawe zinazounganisha mashamba na viwanda vya chai kama vile Litein, Mogogosiek, Kapkoros na Tirgaga, kabla ya gari kuifikia lami.

Katika safari hizo, kifaa kinachoumia mapema na kukumbukwa mwisho ni shokabzoba, ambazo mafundi wengi huziita shoki kwa ufupi. Kwa kuwa huchakaa polepole, dereva huzoea mtikisiko hata asitambue kwamba gari lake limebadilika. Aidha, wengi hudhani kazi yake ni kumstarehesha abiria tu, hivyo huahirisha kuzibadilisha hadi mavuno mengine. Dhana hiyo ni potovu, na yaweza kugharimu maisha.

Kazi yake hasa

Ni muhimu kuelewa kwamba shokabzoba haibebi mzigo. Mzigo hubebwa na springi, yaani mabamba yaliyopangwa juu ya ekseli ya nyuma, na koili au vyuma vya kujinyonga kule mbele. Tairi ikipita shimoni, springi hujikunja kisha hujikunjua, na ingeendelea kuchezacheza hivyo kama hakuna cha kuituliza. Shokabzoba ndiyo huituliza. Ndani ya mrija wake mna oili na pistoni yenye vitundu na vali ndogo. Pistoni inapopanda na kushuka, oili hulazimika kupenya kwa taabu, na nguvu ya mruko hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana shokabzoba nzima huwa na joto baada ya safari mbaya, ilhali iliyokufa yaweza kubaki baridi.

Hapa ndipo kosa la kawaida hutokea. Mwenye gari akiona sehemu ya nyuma imelala, humwomba fundi aongeze bamba la springi. Gari huinuka, naye hudhani ametibu maradhi. Kumbe springi ngumu huhitaji shokabzoba yenye nguvu zaidi ya kuituliza. Ikiunganishwa na iliyochakaa, ekseli hurukaruka kuliko awali, hasa gari likiwa tupu.

Hatari iko kwenye breki. Breki huisimamisha tairi, lakini ni mgusano wa tairi na barabara unaolisimamisha gari. Tairi inayodunda haina mgusano huo kila inaporuka, na hata mfumo wa breki unaozuia magurudumu kufunga hauwezi kuufidia. Katika mteremko mrefu wa kutoka Kericho kupitia Kapsoit kuelekea Ahero, lami ikiwa na maji, umbali unaoongezeka kabla ya gari kusimama waweza kuwa tofauti kati ya salama na maafa. Mkasa wa Juni 30, 2023 katika makutano ya Londiani, ambapo zaidi ya watu 50 walifariki baada ya lori kuyagonga magari na kuwaparamia wachuuzi na wapita njia, ulilikumbusha taifa uzito wa gari lisiloweza kuzuiwa, hata kama sababu za kila ajali hutofautiana.

Dalili za kuchakaa

Baadhi ya watengenezaji hushauri shokabzoba zikaguliwe kwa makini zikifikisha takriban kilomita 80,000. Katika changarawe na mizigo mizito huisha mapema zaidi. Kericho na Bomet hupata mvua katika miezi mingi ya mwaka, na tope jekundu hugandamana kwenye fimbo ya shokabzoba. Likikauka, huikwaruza fimbo na kuukata mpira unaozuia oili kuvuja.

Dalili za kuangaliwa ni hizi: oili inayotiririka ubavuni mwa mrija, kwani unyevu mwembamba pekee si hoja, pua ya gari kuinama mno breki zinapokanyagwa, sehemu ya nyuma kuteleza kando kwenye barabara yenye mikunjo, mlio wa kugonga kutoka kwenye bushi, na tairi kulika kwa mabaka badala ya kulika sawasawa.

Wengi huyapima magari kwa kuikandamiza kona moja na kuiachilia. Kipimo hicho hufaa gari dogo. Mabamba ya pikapu ni magumu kiasi kwamba yaweza kukaa kimya hata shokabzoba ikiwa imekufa. Kipimo bora ni kuifungua upande mmoja na kuivuta kwa mkono. Ikienda bila ukinzani, au ikiwa na mwanya kabla ya kushika, haifai tena.

Kuzibadilisha

Shokabzoba hubadilishwa kwa jozi katika ekseli moja. Ukiweka mpya kulia na kuukuu kushoto, gari litavuta upande likikutana na shimo.

Za nyuma ni rahisi kwa fundi wa kawaida. Gari liegeshwe mahali tambarare, magurudumu ya mbele yatiwe kabari, na fremu ikalie stendi imara. Asiingie mtu chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee. Ekseli nayo itegemezwe, kwani shokabzoba ikiondolewa yaweza kushuka na kuuvuta mpira wa breki. Nati zilizoshikwa na kutu zisafishwe kwa brashi ya waya na kulowekwa mafuta ya kulegeza kutu tangu siku iliyotangulia. Ya zamani isichomwe kwa moto wa gesi, kwani oili na gesi iliyoshindiliwa ndani yaweza kulipuka.

Shokabzoba mpya ya oili isimamishwe wima na kupigwa pampu mara kadhaa ili hewa itoke. Boliti za bushi zishikizwe kwanza, kisha zikazwe kabisa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa ekseli ikining'inia, mpira wa bushi hubaki umejinyonga na hupasuka upesi.

Za mbele zahitaji hadhari zaidi. Katika Isuzu D-Max za kwanza, zilizotoka mwaka wa 2002, shokabzoba imesimama peke yake, na kazi si ngumu. Katika Toyota Hilux zilizoanza kutengenezwa mwaka wa 2004, imo ndani ya koili iliyobanwa kwa nguvu kubwa. Nati ya juu ikifunguliwa bila kifaa maalumu cha kuibana koili, chuma hicho chaweza kuruka na kuua. Kazi hiyo ifanyiwe gereji yenye kifaa hicho, kisha mwelekeo wa magurudumu upimwe upya.

Kununua

Za kiwandani zimepimwa kwa springi za kiwandani. Aliyeongeza mabamba, au anayebeba mzigo mzito kila siku, atafute zilizotengenezewa kazi hiyo, zenye mrija mpana na gesi ya naitrojeni inayozuia oili kufanya povu. Asinunue zilizofunguliwa na kujazwa oili upya, kwa maana vali iliyolika haitibiwi kwa oili. Ajihadhari pia na bidhaa bandia, tatizo lililoifanya Kenya kupitisha sheria maalumu mwaka wa 2008: adai risiti, alinganishe nambari ya kipuri na ya gari lake, na akatae pakiti isiyo na jina la mtengenezaji.

Baada ya kilomita mia chache, nati zote zikaguliwe tena. Tangu hapo, kila gari linapooshwa, tope liondolewe kwenye fimbo na mrija utazamwe kama una oili. Kazi hiyo haichukui dakika tano, na ndiyo itakayomjulisha mwenye gari mapema, kabla hajajulishwa na mteremko.