Mgeni ni Nani? Chimbuko la Ubunifu katika Programu za Kiingereza za Vyuo Vikuu kwa Wanafunzi wa Kigeni, 1941–2001

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya programu za Kiingereza zilizoanzishwa na vyuo vikuu vya Marekani na Uingereza kwa ajili ya wanafunzi wa kigeni tangu mwaka 1941. Hoja yake kuu ni kwamba ubunifu uliodumu ulipatikana pale walimu walipoacha kuuliza mwanafunzi amepungukiwa na nini, wakaanza kuuliza taaluma inamdai nini. Sehemu muhimu ya swali hilo jipya ilipata umbo Tripoli na Khartoum, mahali ambapo wanafunzi walikuwa wenyeji na Kiingereza ndicho kilichokuwa kigeni. Makala yanahitimisha kwa kuonesha maana ya historia hiyo kwa sera za lugha katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki.

Utangulizi

Chuo kikuu kinapompokea mwanafunzi kutoka nchi nyingine, kwa kawaida hutaka kwanza cheti cha lugha. Cheti kikishawasilishwa, suala la lugha huhesabiwa kuwa limekwisha. Baada ya miezi michache mhadhiri hulalamika kwamba mwanafunzi huyo haandiki insha inayoeleweka. Mwanafunzi naye hulalamika kwamba maneno ya mhadhara anayajua, ila hajui mhadhiri alikusudia kusema nini. Wote wawili husema kweli. Pengo lililopo kati ya cheti na darasa ndilo ambalo programu za Kiingereza za vyuo vikuu zimejaribu kuliziba kwa zaidi ya miaka 80, na historia yake ni historia ya kugombania jambo moja: mzigo wa lugha abebe nani?

Michigan, 1941: Lugha kama mfumo wa miundo

Mwaka 1941 Charles C. Fries alianzisha taasisi ya lugha ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Michigan. Wanafunzi wake wa mwanzo walitoka Amerika ya Kusini na ya Kati. Fries alikuwa mwanaisimu wa miundo, na ubunifu wake ulitokana na imani hiyo. Aliona kwamba lugha hujifunzwa vyema pale mfumo wake wa sauti na ruwaza zake za sentensi zinapochambuliwa kisayansi, zikalinganishwa na mfumo wa lugha mama ya mwanafunzi, kisha zikafanyiwa mazoezi ya mdomo mpaka zikawa mazoea. Kitabu chake cha mwaka 1945 kuhusu ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya kigeni kiliieneza mbinu hiyo. Mwanafunzi na mwenzake, Robert Lado, aliiendeleza katika kitabu cha mwaka 1957 kilichoweka misingi ya kubashiri makosa ya mwanafunzi kwa kulinganisha lugha mbili.

Faida ya Michigan haikuwa ndogo. Chuo kikuu kilikubali kwamba kumfundisha mgeni Kiingereza ni kazi ya kitaalamu inayohitaji utafiti, wala si hisani ya mwalimu wa fasihi mwenye nafasi jioni. Hata hivyo mbinu hiyo ilikuwa na upofu wake. Ilimtayarisha mwanafunzi kutamka na kuunda sentensi sahihi, bila kuuliza sentensi hizo zitafanya kazi gani katika maabara au katika tasnifu. Upungufu ulitafutwa ndani ya mwanafunzi na ndani ya lugha yake mama. Chuo chenyewe hakikuchunguzwa.

Mwaka 1961: Makerere na Washington

Mwaka 1961 ilifanyika mikutano miwili iliyoacha alama ya kudumu. Mnamo Januari, wataalamu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Uganda, kujadili ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Robert Phillipson, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alizikusanya imani zilizotawala mkutano huo katika madai matano: kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza pekee, kwamba mwalimu bora ni mzawa wa lugha hiyo, kwamba kianze mapema iwezekanavyo, kwamba kikifundishwa kwa wingi matokeo huwa bora zaidi, na kwamba lugha nyingine zikitumiwa sana, kiwango cha Kiingereza hushuka. Phillipson aliyaita yote kuwa ni madai ya uongo. Jambo la kutazamwa hapa ni kwamba hata mambo machache ambayo Michigan ilikuwa imeyapatia, hasa kuitazama lugha mama ya mwanafunzi kama maarifa ya kujengea, hayakupewa uzito katika madai hayo.

Mnamo Mei mwaka huohuo, wataalamu wengine walikutana Washington kujadili upimaji wa Kiingereza cha wanafunzi wa kigeni waliotaka kuingia vyuo vya Marekani. Mkutano huo ulifungua njia ya mtihani wa TOEFL, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1964. Kuanzia hapo mlango wa chuo ulipata mlinzi. Mtihani mmoja uliweza kupima maelfu ya waombaji kwa kipimo kilekile, kwa gharama iliyobebwa na mwombaji mwenyewe. Kwa msimamizi wa udahili ilikuwa nafuu kubwa. Kwa swali la mzigo, lilikuwa jibu lililo wazi: lugha ni deni la mwanafunzi, na deni hilo hulipwa kabla ya kuingia.

Tripoli na Khartoum: Swali linageuka

Wakati Marekani ikijenga mtihani, mwelekeo mwingine ulikuwa ukichipuka kaskazini mwa Afrika. John Swales, Mwingereza, alifundisha Kiingereza kwa wanafunzi wa uhandisi Tripoli, Libya, na mwaka 1971 kilichapishwa kitabu chake cha kufundishia uandishi wa Kiingereza cha kisayansi. Kuanzia mwaka 1973 hadi 1978 alifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Khartoum, Sudan, ambako aliongoza kitengo kilichotoa huduma ya Kiingereza kwa vitivo vingine.

Hali ya Khartoum inastahili kuangaliwa kwa makini. Wanafunzi hawakuwa wageni. Walikuwa Wasudani katika chuo kikuu cha nchi yao, ambao wengi wao walifika hapo kutoka shule zilizofundisha kwa Kiarabu. Lugha ya mihadhara ndiyo iliyokuwa mgeni. Katika mazingira hayo mwalimu wa lugha hakuweza kujifariji kwamba mwanafunzi ataokota Kiingereza mitaani, sokoni au kwa majirani. Muda ulikuwa mfupi, na Kiingereza kilichohitajika kilikuwa cha namna maalumu: kutoa fasili, kueleza jaribio, kusoma grafu, kufikia matokeo. Ilibidi mwalimu afungue vitabu vya sayansi na kuchunguza vimeandikwaje kabla ya kumfundisha mtu kuviandika. Hivyo macho yalihama kutoka kwa mwanafunzi na kuelekea kwenye taaluma.

Swales alirudi Uingereza mwaka 1978 na kujiunga na Chuo Kikuu cha Aston, Birmingham. Mwaka 1981 alitoa uchunguzi wa sehemu za utangulizi za makala 48 za kitaalamu, akaonesha kwamba waandishi wa taaluma mbalimbali hupita hatua zinazofanana. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu uchambuzi wa tanzu za matini, hatua hizo zilikuwa tatu: mwandishi huonesha umuhimu wa uwanja wake, hudhihirisha pengo lililomo, kisha huonesha jinsi kazi yake inavyoliziba. Ugunduzi huu unaonekana mdogo, lakini athari yake ilikuwa kubwa. Hakuna mtu anayezaliwa akijua kuandika utangulizi wa makala ya kitaalamu, hata akizaliwa London. Mzawa na mgeni wote hujifunza. Dai la Makerere kwamba mwalimu bora ni mzawa wa lugha lilipoteza nguvu, kwa kuwa uzawa peke yake haumpi mtu maarifa hayo.

Birmingham: Watu watatu katika chumba kimoja

Katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Tim Johns na Tony Dudley-Evans walikwenda mbele zaidi. Jaribio lao, walilolieleza mwaka 1980, lilihusu wanafunzi wa uzamili kutoka ng'ambo katika masomo ya uchukuzi na biolojia ya mimea. Mhadhara halisi ulirekodiwa. Mwalimu wa lugha aliusikiliza na kutayarisha maswali. Kisha wanafunzi, mwalimu wa lugha na mhadhiri wa somo walikaa pamoja kuuchambua.

Ubunifu ulikuwa katika kule kumwita mhadhiri. Mara nyingi kilichowakwamisha wanafunzi hakikuwa istilahi za somo, kwa kuwa hizo walizifahamu, bali misemo ya kawaida, mizaha na maneno ya kupita aliyoyatumia mhadhiri bila kujua. Alipoyasikia maswali yao, mhadhiri naye alipata fursa ya kujifunza jinsi anavyosikika. Mzigo uligawanywa.

Mbona basi mpango wa namna hiyo haukuenea kila mahali? Sababu iliyo wazi ni gharama. Ulihitaji saa za mhadhiri ambazo hazihesabiwi katika kupandishwa cheo, na ulitegemea nia njema ya watu wawili walioheshimiana. Nia njema haiandikwi katika bajeti. Zaidi ya hayo, kuanzia mwaka 1980 serikali ya Uingereza iliwatoza wanafunzi wapya wa kigeni karo kamili. Mwanafunzi wa kigeni akawa chanzo cha mapato, na kozi ya lugha ya kabla ya masomo ikawa huduma inayouzwa.

Kupanda na kushuka kwa mtihani wa kitaaluma

Mwaka 1980 pia ulianza mtihani wa ELTS, uliotayarishwa na British Council pamoja na bodi ya mitihani ya Cambridge. Ulijaribu kuliingiza swali la Khartoum ndani ya upimaji: mtahiniwa alichagua moduli moja kati ya sita, zikiwamo tiba, teknolojia na sayansi ya jamii. Mwaka 1989 mtihani huo ulirithiwa na IELTS, na moduli za kitaaluma zikapunguzwa kuwa tatu. Mwaka 1995 zilifutwa, ikabaki moja kwa taaluma zote.

Sababu zilikuwa za kiufundi na zina uzito. Haikuwa rahisi kuamua mtahiniwa yupi afanye moduli ipi, na utafiti haukuthibitisha kwamba mgawanyo huo ulihitajika ili kila mmoja atendewe haki. Lakini funzo la kisera ni pana kuliko sababu hizo. Mtihani ni chombo cha kuchuja, na chombo cha kuchuja hupenda usawa wa kipimo. Maarifa ya jinsi taaluma inavyosema hayakai vizuri ndani ya chombo hicho. Makao yake ni darasani, baada ya udahili.

Huko ndiko yalikoendelea. Mwaka 1985 Swales alihamia Michigan kuiongoza taasisi ileile iliyoasisiwa na Fries. Mwaka 1994, pamoja na Christine Feak, alichapisha kitabu cha uandishi wa kitaaluma kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 taasisi hiyo ilianza kukusanya kopasi, yaani hazina ya matini iliyohifadhiwa kwenye kompyuta, ya Kiingereza kinachozungumzwa chuoni hapo. Ukusanyaji ulikamilika mwaka 2001 ukiwa na maneno kama milioni 1.8 kutoka mihadhara, semina, maabara na ofisi za wahadhiri. Miaka 60 baada ya Fries, chuo kilikuwa kimeanza kujisikiliza chenyewe.

Maana yake kwa Afrika Mashariki

Kanda hii haina budi kuisoma historia hiyo kwa jicho lake. Mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha stadi za mawasiliano kwa ajili ya wanafunzi wake, wengi wao wakiwa wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Hali yao ilifanana na ya wenzao wa Khartoum. Mwaka 2008 Rwanda iliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, na hapo wahadhiri waliolelewa katika Kifaransa walijikuta upande mmoja na wanafunzi wao. Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, vyuo vya kanda vina sababu zaidi ya kujiandaa kwa wanafunzi waliosomeshwa kwa Kifaransa.

Katika mazingira haya mpaka kati ya mwanafunzi mgeni na mwenyeji ni hafifu. Kijana kutoka Bukavu na kijana kutoka Singida wanaweza kuketi benchi moja, kila mmoja akikitazama Kiingereza kutoka nje, huku wakizungumza Kiswahili wakati wa mapumziko. Sera inayomtaka wa kwanza alete cheti na kumwacha wa pili bila msaada inawakosea wote wawili. Lugha wanayoshiriki, ambayo madai ya Makerere yangeitoa nje ya darasa, ni nyenzo ya kuelezea dhana ngumu kabla ya kuziandika kwa Kiingereza.

Funzo hili linahusu pia ufundishaji wa Kiswahili kwa wageni. Kadiri Kiswahili kinavyopewa nafasi rasmi katika Jumuiya, ndivyo programu zake zitakavyopokea wanasheria, wauguzi na maofisa forodha. Zikiishia kwenye salamu na ngeli za nomino, zitakuwa zimerudi Michigan ya mwaka 1941.

Hitimisho

Ubunifu uliotazamwa hapa haukutegemea kwanza mashine wala fedha nyingi. Ulianza pale mwalimu wa lugha alipofungua kitabu cha uhandisi, na pale mhadhiri wa uchukuzi alipokubali kusikiliza mhadhara wake mwenyewe mbele ya wanafunzi. Kwa washauri wa sera, pendekezo linalotokana na historia hii ni moja: saa za mhadhiri wa somo anayeshirikiana na mwalimu wa lugha zihesabiwe kuwa sehemu ya mzigo wake rasmi wa kazi na zitengewe fungu. Bila hivyo, cheti kitaendelea kufanya kazi ambayo hakikuumbiwa, na mzigo utabaki kichwani mwa mwanafunzi peke yake.