Maji ya Mto ni ya Nani?

Sisi wa Beni na Butembo twaona maji yakishuka milimani, nasi twadhani kila mtu aweza kuyafungia shambani mwake. Sivyo. Tarehe 6 Mei 1952 Wabelgiji walitoa dekreti juu ya maziwa na mito: atakaye kutumia maji kwa kazi kubwa sharti apewe ruhusa na Serikali. Mwezi wa Desemba mwaka uleule amri nyingine ikakataza kuchafua chemchemi na kupoteza maji bure. Bula Matari alipenda sana kukataza, lakini hapa twaona alikuwa na haki, maana anayeziba kijito juu huwanyima walio chini.

Uhuru ulipokuja mwaka 1960 amri zile hazikufa. Tarehe 31 Desemba 2015 Kongo ikapata sheria yake yenyewe ya maji, nayo yasema maji ni mali ya taifa.

Kule Mutwanga, tangu mwaka 2013, maji ya mto Butahu yazungusha mashine za umeme, kisha yarudi mtoni kuelekea Semliki. Hayo ni matumizi mema. Lakini Kimemi, upitao katikati ya Butembo, nani aupima wakati wa kiangazi kabla ya kumruhusu mtu kuchimba mfereji mwingine?