Kufuli zenye saa: kwa nini wakusanyaji wanazipenda

Kuna wanaokusanya stempu, na kuna wanaokusanya kufuli. Mkusanyiko wa John M. Mossman wa New York una zaidi ya 370, nyingi za benki.

Tamu kuliko zote ni zile zenye saa ndani. Karne ya 19 huko Marekani, majambazi walikuwa wanamvamia keshia nyumbani usiku na kumlazimisha akafungue sefu. Mwaka 1873 James Sargent akaja na dawa yao: muda uliopangwa usipofika, mlango haufunguki hata kwa mwenye namba za siri. Kumteka keshia kukawa kazi bure.

Ukibahatika kupata moja, usiifungue mwenyewe. Mpelekee fundi saa. Mara nyingi humo kuna saa mbili au tatu, ili moja ikisimama, benki isijifungie hela zake yenyewe.