Utunzaji wa funguo za usimbaji katika wingu (Gisenyi)

Funguo za usimbaji ni mifuatano ya siri inayofunga na kufungua data. Katika kompyuta za wingu, ufunguo wa data nao husimbwa kwa ufunguo mkuu, ambao hautoki ukiwa wazi nje ya kifaa chake maalumu. Kwenye KMS, huduma ya Amazon ya kutunza funguo iliyoanza 2014, ufunguo ulioamriwa kufutwa husubirishwa siku 7 hadi 30. Muda huo si urasimu: ufunguo ukishafutika, data haisomeki tena, hata na mwenyewe.

Gisenyi, mji wa Wilaya ya Rubavu unaopakana na Goma, uko chini ya Sheria ya Rwanda Na. 058/2021, inayotaka taarifa binafsi zihifadhiwe nchini isipokuwa kwa kibali cha mamlaka ya usalama wa mtandao. Lakini kuhifadhi nchini hakumaanishi mahali pamoja. Mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yaliyofuata yalibomoa majengo mjini. Nakala pekee ya ufunguo ikiwa kwenye kompyuta ya duka lililobomoka, hufukiwa nayo. Hatari ya kila siku, hata hivyo, ni ndogo zaidi: siri nyingine kama nywila ya hifadhidata iliyoandikwa ndani ya programu, au iliyotumwa kwa WhatsApp.